Utando Mweusi

Saa kumi na moja alfajiri, Hamilton, Ontario.
Ng'ambo ya bandari tanuri za chuma
zinapumua moshi wa rangi ya kutu,
nami nimeshika brashi yenye nywele tatu,
napaka mafuta juu ya tundu
dogo kuliko nukta inayofunga sentensi hii.

Ghislaine alinifundisha: usipumue.
Paka mara moja, toa mkono, ngoja.
Kwanza tone huwa nene, la kijivu, zembe.
Kisha linaanza kutanda.
Rangi zinakuja, zile za dizeli iliyomwagika dimbwini,
zambarau, kijani, manjano ya bizari,
halafu zinaaga mojamoja
kama wageni wa arusi iliyokwisha,
unabaki weusi.

Weusi huo ndio ngozi.
Safu mbili tu: vichwa nje penye maji,
mikia imekutana ndani, mahali pakavu.
Pasua unywele wako mara elfu kumi na tano,
kipande kimoja ndicho unene wake,
na kila kiumbe unachokijua,
kome, bata, mtoto wa dada yangu,
kimejificha nyuma ya kitu chembamba hivyo.

Lugha yangu haikuhangaika. Utando, ilisema,
kwa kazi ya buibui, kwa wingu lililofunga mbingu,
kwa kile kilichoelea juu ya maziwa ya moto
ambacho bibi alikiengua kwa kijiko
na mimi nikakisubiri, mdomo wazi.

Mstari wa umeme umelala kwenye skrini.
Natia tone.
Ndani ya tone mna kitu kilichotengenezwa na watu werevu
ili mvua isiingie kitambaani.
Dakika ya kwanza, kimya.
Ya pili, kimya.
Ya tatu mstari unashtuka,
unapanda, unashuka, unapanda,
kama mtu anayejaribu kitasa gizani.
Hakikubisha hodi.
Na mgeni huyu, siku ya tatu,
hakuna wa kumpa jembe:
halimi, haondoki, haozi.

Juzi Stipe Vukasović alikuja na ndoo.
Miaka thelathini na mmoja alihudumia tanuri lile,
sasa anavua akikaa kwenye kiti cha kukunja.
Ndani ya ndoo samaki mmoja, macho ya kioo,
mapezi yangali yakitafuta kitu.
"Huyu analika?"

Nikamwambia ukweli. Chombo changu hakijamjua samaki.
Hakina ini, hakina damu,
hakina bawabu wa kuchagua nani apite.
Kinanieleza tu nani anajipenyeza mwenyewe,
kwa kasi gani,
na kama akishapita mlango unabaki umelegea.
Akaitazama ndoo, akanitazama.
"Kwa hiyo ni ngozi isiyo na mtu."

Ndiyo, Stipe.
Nimefanya kazi hapa miaka minne
na sijawahi kuieleza vizuri hivyo.
Sijui kama alimla. Sikuuliza, naye hakusema,
ila alibeba ndoo kwa mikono miwili
kama anayebeba maji ya mtu mwingine.

Koti langu linaning'inia nyuma ya mlango.
Nililinunua mwaka wa kwanza, kwa mshahara wa kwanza,
baada ya kulowana Oktoba nzima.
Matone ya mvua ya jana yangali juu yake,
yamesimama duara kamili, hayaingii.
Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Walidhani wanasema juu ya chawa.

Nje mvua imeanza tena.
Nitalivaa. Nyuzi joto nne, basi linachelewa,
nami nina kifua kibaya.

Saa moja na dakika nne utando umepasuka.
Hupasuka tu, hata bila tone, hata bila sababu.
Mstari umeruka juu ya skrini na kukaa huko.
Nimeandika muda kwenye daftari.
Nimesuuza tundu.
Nimechovya brashi,
nikazuia pumzi.