Siku Mbili Ng'ambo ya Pili

Dakika ishirini kutoka kwetu Majengo
na tayari tumeitwa wageni.
Binti wa mapokezi, Kadzo, ametupa maji ya mkwaju
ndani ya vifuu vilivyosuguliwa hadi vikang'aa,
akauliza safari ilikuwaje.
Shali akanitazama. Nikamtazama Shali.
"Ndefu," akasema. "Tulikwama Buxton."

Ni zawadi ya kampuni, karatasi yenye muhuri:
miaka ishirini na mitano ya kupima mizigo ya watu bandarini,
siku mbili za kulala ndani ya mikoko.

Banda limesimama juu ya boriti.
Hakuna feni. Hakuna soketi.
Taa ni moja, imekunywa jua mchana kutwa
na usiku yatema kidogo kidogo, kama bahili.
Msalani huvuti maji,
wamwaga kopo la unga wa mbao, basi.
Na bafuni, wallahi, ndoo na kata!
Nilicheka hadi nikakaa chini.
Kwetu bomba likikauka siku ya nne
twaoga hivi hivi, tukimtukana diwani;
hapa wametundika kibao:
*Ahsante kwa kuitunza dunia.*

Magharibi maji yaliingia bila hodi,
yakapanda mizizi, kidole baada ya kidole,
na kaa wekundu wakahamia juu
kama wapangaji waliosikia mwenye nyumba yuaja.
Kisha mvua. Si ile yetu ya mabati, yenye kelele za mdai;
hii ilishuka jani kwa jani,
ikichelewa njiani,
ikimjulia hali kila mtu.

Shali hakulala.
Alikosa feni, alikosa jenereta ya mwenye bucha,
alikosa vijana wa kinyozi na spika yao.
Komba akalia mara moja, kama mtoto aliyefinywa.
"Wamsikia?"
"Namsikia."
Na katika ndoa ya miaka ishirini na mitatu
ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akimeza mate
kabla ya neno.

"Nilikuwa nikikata hapa."
"Nini?"
"Mikandaa. Nina miaka kumi na mitatu.
Usiku, na panga la mjomba Mbaruku.
Tanuri za makaa zilikuwa pale,
pale walipoweka viti vya kuotea jua."
"Hukuniambia."
"Karo yangu ilitoka kwenye tope hili."

Sikuwa na la kusema. Nikaupapasa mkono wake gizani
nikalikuta lile kovu la kidole gumba
ambalo siku zote, kwangu, lilikuwa mlango wa lori.

Asubuhi Kadzo akatupitisha kwenye daraja la mbao,
akifundisha: huu mchu, huu muia, ule kule mlilana.
"Hii ya hapa ni michanga. Palikuwa uwanda mtupu.
Kina mama wa Junda walipanda mche mmoja mmoja,
mwaka wa kumi na sita huu."
"Nani alikata?" nikauliza, Mungu anisamehe.
"Watu tu," akasema. "Watu na shida zao."
Shali alikuwa ameinama, anafunga kamba ya kiatu
kisicho na kamba.

Kabla ya kuondoka alipotea nusu saa.
Alirudi na tope hadi magotini,
hakusema, sikuuliza,
nikammiminia kata tatu za maji miguuni.

Wakatuletea kitabu cha wageni.
Jina. Utokako. Maoni.
Juu yetu mtu wa Oslo, watu wawili wa Bremeni,
na mmoja wa Nairobi aliyelalamikia mbu.
Shali akaandika jina lake lote, la baba, la babu.
Utokako, akaandika: *Hapo ng'ambo.*
Kwenye maoni akaandika, akafuta, akaandika tena,
nami nilikuwa natafuta ndara zangu, sikuwahi kusoma,
akafunga.
Niliwahi ukingo wa ukurasa tu:
kidole gumba cha tope, na mstari mweupe
ukikikata katikati,
hakijakauka bado.