Kitabu cha Mvua

Kila mwanzo wa mwezi basi la Urambo
lilileta Tabora bahasha ya Kabula,
ya kaki, imefungwa kwa uzi wa kushonea marobota ya tumbaku,
na ndani kadi moja, kila siku na milimita zake.

Mimi nilikuwa mchapaji. Sikuwahi kumwona.
Nilimjua kwa saba zake, alizozikata kiunoni,
na kwa maneno ya pembeni ambayo fomu haikuyaomba:
"Nyuki wamekunywa ndani ya kipimo. Nimeweka wavu."
"Nimefika saa tatu kasorobo. Nimesubiri saa tatu."
"Kaka yangu ameniomba nipunguze
ili mahindi ya msaada yawahi. Sikupunguza.
Hanisalimii. Mvua ya leo 4.2."

Mwaka ule Februari ilipita na jua lake.
Mahindi yalijikunja kama msokoto wa sigara,
mabani ya tumbaku yakakaa bila moshi.
Kadi ikasema: jumla ya mwezi, 13.

Bwana Chambuso akaja mezani kwangu akimenya karanga.
Chini ya ishirini, alisema, ni ukame,
na ukame una fomu zake, una fedha zake,
una simu kutoka Dodoma usiku.
"Andika thelathini na moja.
Tarakimu ni zile zile, hatujaongeza kitu,
tumezipanga tu. Akiuliza mtu, kidole kiliteleza."

Kidole changu hakikuteleza.
Tatu.
Moja.
Maganda ya karanga niliyafagia mwenyewe.

Taarifa ikatoka: msimu wa wastani.
Aprili ikaja barua, safari hii bila uzi.

"Kwa Mchapaji.
Mwezi wa pili niliandika 13, nanyi mmesoma 31.
Pengine mwandiko wangu umeanza kuharibika.
Naambatisha nakala ya kaboni.
Kanuni mnaijua: kosa halifutwi.
Hupigwa mstari mmoja, lionekane bado,
juu yake namba, pembeni sahihi.
Hakuna aibu katika mstari.
Kabula Mhoja, Kituo cha Urambo."

Alijua. Bila shaka alijua.
Mwandiko ule ungesomwa na kipofu kwa kidole.
Aliniachia tu mlango,
upana wake kosa la kuchapa,
nipite nikiinama kidogo.

Nililirudia neno lile, sahihi.
Jina langu kwa mkono wangu,
na jambo lisilo na kasoro,
yote mawili huitwa hivyo,
na miaka kumi na minne nilikuwa nikiliweka
chini ya kila ukurasa bila kulisikia.

Bwana Chambuso alikuwa kikaoni.
Nilifungua kabati, nikatoa jalada.
Rula iliteleza (hiyo iliteleza kweli)
na mstari ukainama upande wa kushoto.
Juu yake 13. Pembeni, Mrisho Kapela,
jina zima, si ile mikunjo ya siku zote.
Kisha nikachapa sahihisho, nakala ishirini na mbili,
kwa kila ofisi iliyopata ule uongo.
Stempu nilinunua mwenyewe.

Sitasema bima iliwalipa wakulima. Sijui.
Ninachojua, walinihamishia stoo
nihesabu viti vibovu.
Vilikuwa kumi na tisa.
Bwana Chambuso alitaka viwe thelathini
apate kuagiza vipya.
Niliandika kumi na tisa.

Novemba, kijana wa mapokezi akanishushia bahasha,
kaki, na ule uzi.
Haikuwa kadi ya serikali, ni kipande cha daftari:

"Tarehe 3, saa tatu asubuhi.
Mvua ya kwanza. 0.6.
Haikutosha kulowesha kiatu,
ila nilidhani ungependa kujua."