Maelezo ya Gari Linalouzwa, Mpunguzi

Aina: Bwiki, ya mwaka hamsini na tisa.
Paa: la kukunja.
Hapo kalamu ikasita,
maana paa lenyewe ni turubai la mahindi kutoka Kibaigwa,
limeshonwa kwa uzi wa viatu,
na ukiinama utasoma ndani yake, kichwa chini miguu juu,
jina la kampuni ya mbolea.

Kazi yangu ndiyo hii: naandika magari ya zamani
ili wenye fedha wayaamini.
Nina tochi, kioo cha mkononi, mswaki mkuukuu
wa kusugulia namba zilizogongwa kwenye chasisi.
Tangu asubuhi nimepiga picha mia na arobaini
na vumbi limeingia katika kila moja, bila kualikwa.

Bi Sechelela amekaa juu ya debe,
anachambua zabibu zilizokataliwa kiwandani.
"Unaandika nini muda wote huo?
Gari si hilo hapo?"

Ni hilo, mama.
Ila mnunuzi hayupo hapa, anataka kujua lilifikaje.
"Kwa Mgiriki wa mkonge, Kilosa.
Alikuwa na haraka ya kuondoka.
Tulimpa ng'ombe kumi na wawili na cherehani yangu.
Andika na cherehani."

Usukani: kushoto.
Upande usio wetu.
Ndiyo maana marehemu Hezekia, kila alipotaka kulipita lori,
hakuona mbele ila makalio ya lori,
akauliza, "Kuna kitu?"
Na mkewe, shingo nje, kilemba mkononi,
akajibu kwa miaka thelathini na mmoja:
"Hakuna. Pita."
Au: "Kipo. Tulia."
Sikupata kisanduku cha kuliandika hilo.

Kiti cha nyuma kimechanika,
ndani ya sponji mtama umeota, mweupe kwa kukosa jua.
Mlango wa kulia umebonyea.
Ni jeneza la Chedego, akasema,
mtu mrefu kuliko milango yote ya kijiji.
Landrova ya misheni ilimkataa,
miguu yake ikabaki nje kama ya mtu anayetoroka.
Hezekia akakunja paa,
Chedego akaenda kuzikwa akitazama mbingu, kwa mbao tu kuzuiwa.

Simu ikalia. Sauti ya mnunuzi hufika imechelewa,
ikijikwaa juu ya bahari:
injini, je, ni ile ile iliyozaliwa nayo?

Nilikwisha kuiona namba.
Injini ni ya Bedfodi, ya lori la chumvi.
Ningeweza kuandika *haikukaguliwa*,
neno moja, halidanganyi wala halisemi,
nalo lina thamani ya nusu ya bei.
Nilimweleza Bi Sechelela kwa sauti ya chini,
kama mtu anayempa mgonjwa habari nzuri.

Akaiweka chini sinia ya zabibu.
"Miezi minne alilala chini ya hilo gari.
Ugali wa uwele nilimpelekea shimoni,
akanawa kwa petroli, akala.
Siku lilipowaka alilia, mtu mzima,
kuku wakaruka ukuta.
Wewe uandike *haikukaguliwa*?
Andika Bedfodi.
Bei na ishuke, itakapofika tutaiokota."

Nikaandika Bedfodi.
Upande wa pili wa simu kukawa kimya, kisha hesabu,
kisha tarakimu ndogo, na swali la mwisho:
litapakiwa lini?

Bi Sechelela hakujibu.
Akafuta mikono kwenye khanga, akafungua mlango uliobonyea,
akaketi upande wake, wa kulia,
akatoa shingo nje kuelekea barabara ya Iringa.

Sijui kwa nini niliuliza. Nilikuwa nimesimama
mahali pa dereva, daftari limefungwa.
"Kuna kitu?"

Barabara ilikuwa tupu, lami ikichezacheza kwa joto
hadi inapopotelea.
Akatazama kwa muda mrefu.

"Kipo," akasema. "Tulia."