Ulikuwepo Jana

Bupe aliandika orodha kwa kalamu ya wino
kwenye karatasi ya daftari la mwanawe:
stesheni ya zamani, mnara wa saa, soko la Mbuyuni,
kahawa, na chini kabisa, kwa herufi kubwa, MLIMA.
Kufika saa nne wino ulishaanza matembezi yake:
stesheni imeingia sokoni,
kahawa imeumwagikia mlima.

Miaka tisa tangu chuo cha uuguzi
tumekuwa tukiahidiana likizo hii.
Tukaipata mwezi wa nne,
watu wanne, mwavuli mmoja
tuliouziwa stendi kwa elfu saba na maneno matamu.
Haukumaliza hata kipilefti cha kwanza.
Upepo uliugeuza bakuli,
Nashipae akaubeba hivyo hivyo, mdomo juu,
akisema pesa yake haitupi.

Stesheni tuliiona.
Reli zimelala majini, nyasi zimezifunika magoti.
Mlinzi akauliza, mnasubiri treni?
Hapana, tunatembea tu.
Akatutazama kuanzia viatu mpaka nywele:
"Haya, tembeeni,"
kwa sauti ile tuijuayo sote,
ya kumwambia mgonjwa ale anachotamani.

Mvua ya Kishapu, alisema Kashindye,
ikija inakuja kama mdai:
inagonga, inavunja, inaondoka.
Hii ya Moshi imekuja na mkeka wake.

Tukajibanza barazani kwa Mama Aikaruwa,
fundi wa sweta za shule.
Alikuwa na chupa ya chai na vikombe vitatu.
Mimi nilikunywea kifuniko.
Bupe akamuuliza, jamani, na mlima uko wapi?
Pini mdomoni, akanyoosha mkasi
juu ya paa la duka la dawa,
palipokuwa peupe, peupe kama shuka la wodini.
"Hapo."
Hapo wapi?
Akatoa pini moja moja, akazihesabu.
"Hapo hapo. Ulikuwepo jana."

Kashindye akapiga picha ule weupe,
paa, nyaya za umeme, mfereji unaofurika barabarani,
akamtumia mama yake nyumbani:
*Mama, Kilimanjaro hii.*
Tulicheka mpaka mashine ya cherehani ikasimama.

Mnara wa saa tuliupita mbio, sikumbuki ilikuwa saa ngapi.
Sokoni tulinunua parachichi tusizozihitaji
kwa sababu muuzaji alikuwa na turubai.
Mtori ukatuunguza ndimi, hakuna aliyelalamika.
Jioni, gesti, tukajaza magazeti ndani ya viatu,
tukaning'iniza soksi nane dirishani
na kuzitazama zisivyokauka.

Ndipo simu ya Kashindye ikalia.
Sauti ya mama yake, na nyuma yake kuku, na upepo mkavu:
"Mlima sijauona, ng'wanawane.
Nimewaita majirani, nao hawajauona.
Lakini hilo wingu!
Hilo wingu lote ni lenu?
Na hayo maji pembeni ya njia,
yanapita tu hivyo?
Hakuna hata mtu aliyeweka ndoo?"

Hakuna aliyecheka.
Bupe alifunga mfuko wa parachichi, akaufungua, akaufunga tena.
Mimi nilikuwa nimelaani mvua ile tangu asubuhi,
kwa Kiswahili na kwa kilugha,
na mara moja mbele ya kanisa.

Kashindye aliandika kitu, akafuta.
Akaandika tena. Akafuta.
Kisha akatoka ukumbini bila viatu,
akainua simu kuelekea mabati,
akarekodi.
Dakika nzima, bila neno,
mvua peke yake ikisema yaliyo yake,
na mara moja, mbali, Nashipae akipiga chafya.

Akatuma.
Tiki moja.
Tukakaa kitandani wote wanne, miguu ya baridi,
kuisubiri ya pili.