Simu ya Arobaini

Karatasi inasema: hesabu moja hadi kumi,
subiri, sikiliza, andika.
Basi nahesabu. Niko Nyangao, ndani ya kibanda
kinachonuka rangi mbichi,
Somoe Nampunju yuko Mtama,
na kati yetu reli ambayo haijabeba hata gunia.

"Mtama, Nyangao. Moja, mbili, tatu…"
"Nyangao, nakupata. Safi. Rudia."
Ya kwanza, ya nne, ya kumi na moja.
Mita inalalamikia nusu desibeli
kwenye kiungo cha mkongo nilichokiunga jana,
pumzi nimeibana,
uzi mwembamba kuliko mvi.

Ya kumi na sita inakwaruza.
Nafungua kabati: salfa.
Wenye mikorosho wanapuliza tangu alfajiri
na unga wa njano umepenya hadi kwenye soketi.
Nazisugua kwa mswaki, kama meno.

Kufika ya ishirini, namba zimetuchosha.
Somoe anahesabu madeni ya mama yake:
moja, hiyo hiyo salfa; mbili, ada ya Mahadhi;
tatu, yule wa pikipiki, na yule hasahau.
Nami namhesabia meno ya mwanangu,
mawili chini, moja linachungulia.
Kinasa sauti kinameza yote,
hakijui namba ipi ni ya kazi.

Kisha ya arobaini, ile ya dharura.
Kitufe chekundu chini ya kifuniko chake.
Hii haina mzaha: inakata mazungumzo yote,
inaingia kila kituo, kila chumba cha dereva.
Nameza mate. Nabonyeza.

"Hatari, hatari. Treni zote, simameni.
Treni zote, simameni."

Na zikasimama zote,
zile ambazo bado hazijashushwa bandarini Mtwara,
hata ile ya zamani, nadhani, ya karanga,
waliyoing'oa reli zake
bibi akabaki na msumari mmoja
wa kuzuilia mlango usigongwe na upepo.

Kimya. Sekunde nne. Tano.
Mbuzi anavuka tuta la kokoto, hana haraka.

"Somoe?"
"Nipo." Anahema.
"Nimesimama. Wala sijui kwa nini.
Kiti kimeanguka."

Naandika: Imesikika. Imefaulu.
Na kwenye safu ya maoni,
kwa kuwa lazima ijazwe,
naandika: kiti.