Kituo cha Tisa

Tunaanzia Rau, saa kumi na mbili kasoro,
ukungu bado umelala juu ya migomba kama shuka lisilokunjwa.
Katekista Eligi anapuliza kipaza sauti: betri imekwisha.
Anakitundika shingoni hata hivyo, anatumia koo lake.
Barabara ya lami ipo. Padri amepita nayo.
Sisi tunashika njia ya miguu, ile ya bibi zetu
walioteremka na ndizi kichwani
wakapanda na chumvi na magadi.

Vituo kumi na vinne, namba kwa rangi nyeupe kwenye miti:
cha kwanza mruka, cha pili mparachichi wa Mama Kandida,
cha tatu pale mfongo unapokata njia.
Tunaruka maji mmoja mmoja, na msalaba unapitishwa
mkono kwa mkono, kama mtoto.

Masika. Udongo unavua watu viatu.
Apolonia Shirima alishajua: vyake vimo kikapuni tangu nyumbani,
na miguu yake mipana, iliyopasuka visigino,
inashika utelezi kama vidole vya mkono.
"Viatu ni vya kufikia," ananiambia, "si vya kwendea."
Mimi niliyetoka Arusha jana na raba mpya
nimeanguka mara mbili kabla Yesu hajaanguka ya kwanza.

Mlima hatuuoni. Hakuna anayeuulizia.
Uko nyuma ya wingu kama baba aliyenuna chumbani:
haonekani, lakini nyumba nzima inatembea polepole.

Njia imebanwa. Palipokuwa wazi pana geti la chuma,
pale seng'enge, pale mbwa asiyejua Ijumaa Kuu.
Mzee mmoja anatufungulia ua wake,
tunapita kando ya zizi tukiimba kwa sauti ya chini,
ng'ombe anatutazama huku anacheua
kama aliyekwisha kuisikia habari hii.

Cha tano, cha sita. Mvua. Cha saba.
Cha nane, wanawake wa Yerusalemu,
na akina mama wetu wanalia kweli, kila mmoja na lake.

Kituo cha tisa hakipo.

Kilikuwa mringaringa wa baba yangu, mpakani.
Kaka yangu Ndewario aliupasua mbao mwaka ule wa msiba,
akauza; kisha usiku akayahamisha masale
hatua saba, kuja upande wangu.
Nilipima kwa miguu. Saba.
Miaka kumi na moja sijakanyaga hapa.

Eligi anasimama penye kisiki. Anasita.
"Yesu anaanguka mara ya tatu," anasema,
na watu wanapiga magoti matopeni, na magoti yangu nayo,
upande upi wa mpaka, siangalii.

Mfukoni nina jani la sale, limefungwa fundo.
Nimelikata alfajiri kwa shangazi, sikumwambia la nini.
Mmea uleule: ukipandwa unasema koma,
ukikatwa unasema nisamehe.
Na anayeletewa hawezi kukataa. Ndiyo maana ni zito.

Mlango wa Ndewario uko wazi kidogo.
Kuni mbichi zinafuka jikoni. Mtu anakohoa,
kikohozi cha baba, kifuani mwa mwingine.
Hatua ishirini. Miguu iliyopanda vituo vinane
inagoma hapo, kama punda wa Himo.
Naliweka jani juu ya kisiki.
Wimbo unaanza. Naufuata wimbo.

Vilivyobaki nilivipita, sivikumbuki.
Namkumbuka Apolonia mlangoni pa kanisa
akisugua tope kwa jani la mgomba, akivaa viatu vyake
taratibu, kushoto kwanza, kama bibi harusi.

Tuliporudi, saa kumi, jani halikuwepo.
Labda yeye. Labda mtoto. Labda upepo.
Nimeuliza watu kama mbuzi hula masale:
wengine wanasema hali,
wengine wanasema mbuzi ni mbuzi.
Nilivua raba pale penye kisiki,
nikazitia mfukoni palipokuwa na jani,
nikateremka peku.