Uhai Umebaki Mbili

Chumba cha juu, Mkomani, kwa kina Swabra.
Umeme umekatika, twacheza kwa mshumaa.
Mimi ndimi msimulizi: nimewashusha hadi shimoni,
zimwi limelala, hazina i chini ya ubavu wake.

Lali, mwizi wetu, akatikisa dadu
kikombeni mwa kahawa, mashapo hayajakauka.
Ishirini!
Akaiba upanga. Si wa zimwi:
wa Bunu, mwenzake, aliyelala baada ya zamu.
Akapanda kamba, na alipofika juu
akaikata.

"Mchezo tu huu," Lali akasema.
"Na simu yangu uliyoiuza Malindi, nayo mchezo?"

Punda akalia uchochoroni
kana kwamba kaulizwa yeye.

Bunu akaichana karatasi yake,
akateremka ngazi, viatu akavisahau.

Mwezi wa nne huu. Msikitini hupeana mikono,
macho hawapeani.

Karatasi nimeiunga kwa solotepu.
Shujaa wa Bunu yungali shimoni,
uhai umebaki mbili, kamba hana,
na zimwi laanza kujigeuza.

Kila Alhamisi nawasha mshumaa,
nalibembeleza lilale tena.